Moto wa Nyikani: Nani Atatoa Amri?

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, na upepo wetu mnaujua. Moto ukishika mathenge kando ya Tarach hautasubiri msaada wa Lodwar. Ndiyo maana kikosi cha dharura huundwa kabla ya moshi kuonekana. Msimamizi awe mmoja, hata kama chifu, polisi na Msalaba Mwekundu wote wamefika. Mwingine ahesabu watu, mwingine aelekeze maboza ya maji. Wafugaji msiwaache nje. Wao ndio wanaojua mifugo itapitia wapi. Na Kakuma, jamani, amri ya Kiswahili pekee haitoshi: kuna Kiturkana, Kisomali, Kiarabu cha Juba. Mkirudi vijijini, anzeni kwa kumchagua huyo msimamizi.