Maneno ya Mdomo Hayana Shahidi

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Wenyeviti na Makatibu wa Vyama vya Msingi)

Ndugu Wenyeviti, Ndugu Makatibu,

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo haumhusu karani wa mizani peke yake. Unahusu hata biashara baina ya mataifa.

Kahawa yetu ni mfano ulio karibu. Mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilikutana New York, chini ya Umoja wa Mataifa, zikatunga Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Kila nchi yenye kuuza ilipangiwa mgao wake. Nguvu ya mkataba huo haikutokana na urafiki, bali maandishi. Shehena ilipaswa kufuatana na hati ya kuthibitisha nchi ilikotoka, na wanunuzi nao walijifunga kwa sahihi zao kuidai hati hiyo forodhani.

Lakini maandishi hulinda kwa muda uliowekwa tu. Mkataba uliofuatwa tangu mwaka 1983 ulikuwa na kikomo. Wanachama waliposhindwa kupatana juu ya masharti mapya, migao ilisimamishwa mwezi Julai 1989, na kabla ya mwaka kwisha bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka karibu nusu. Hata mkulima ambaye hakupata kuusikia mkataba huo aliyaonja machungu ya kukosekana kwake.

Baadaye nchi zenye kuuza zilijaribu peke yao. Mwaka 2000 ziliafikiana kuzuia asilimia 20 ya kahawa ya kuuza nje, ili bei ipande. Safari hii wanunuzi hawakuwamo, wala hawakufungwa kukagua hati yoyote. Nchi nyingi hazikutimiza ahadi, na mwaka 2001 mpango ukaachwa. Basi karatasi peke yake haitoshi. Sharti pande zote mbili zifungwe nayo.

Ndugu zangu, yaliyo makubwa huko ndiyo madogo kwetu. Katika ukaguzi wangu nilikuta chama kimoja kilichokabidhi kahawa ya maganda kwa mnunuzi, kwa ahadi ya mdomo kwamba malipo ya pili yangefuata iwapo bei ingepanda. Bei ilipanda. Mnunuzi akadai kuwa ahadi ile ilihusu msimu mwingine. Katibu aliusimulia ukweli mbele ya mkutano mkuu, na wanachama wakamwamini. Lakini ukweli usioandikwa haukumlipia hata mzazi mmoja ada ya mtoto wake. Nililifungua jalada la mauzo nikalikuta tupu, nami sikuwa na la kuwasaidia.

Kwa hiyo, kabla ya gunia kutoka ghalani, ulizeni mambo manne. Je, kiasi, daraja na bei vimeandikwa? Je, siku ya malipo imetajwa, na mapatano yanakoma lini? Je, pande zote zimetia sahihi mbele ya mashahidi? Je, nakala moja imebaki katika jalada la chama? Palipo na jibu la hapana, gunia na lisubiri.

Mnunuzi mwema hatachukia kuandika, na asiyetaka kuandika amekwisha kujieleza.

Nawatakieni msimu mwema.