Maji ya Mabwawa ya Kamba Yatulie Kwanza
(Hotuba ya ofisa wa habari wa kaunti kwa wafugaji wa kamba na wavuvi, Kilifi)



Kilifi si wageni wa kamba. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Serikali ikisaidiwa na FAO ilianzisha shamba la kamba kule Ngomeni, na mikoko ikakatwa kupisha mabwawa. Leo vikundi vinapochimba tena, wavuvi wana haki ya kuuliza: maji yale yakitoka yanaenda wapi?

Yanaenda horini, kwa kaa na chaza wetu. Na si maji ya chumvi matupu. Kamba hula chakula chenye protini nyingi, lakini zaidi ya nusu ya naitrojeni iliyomo haigeuki nyama. Hubaki majini na kwenye tope. Ikifika horini kwa wingi, mwani mdogo wa kijani hustawi, hufa na kuoza, oksijeni inapungua na samaki wanakosa pumzi.

Wenye mabwawa, hapa mnisikilize vizuri. Maji machafu kupita yote ni yale ya mwisho siku ya kuvuna, yanayokokota tope la chini. Nayo ndiyo hufunguliwa ovyo, maana kila mtu anakimbizana na barafu na mnunuzi. Yaingizeni kwanza kwenye bwawa la pembeni, yatulie siku moja au mbili tope lizame. Kisha yapite penye chaza na mwani: chaza huchuja chembe, mwani hunyonya naitrojeni na fosforasi. Mwisho yapite polepole kwenye mikoko. Mikoko peke yake haitoshi. Ukiimwagia tope lote, utaziba mizizi inayopumulia.

Tope likikauka, lizoeni mkaimarishie kingo. Shambani msilipeleke, lina chumvi, litaua mahindi.

Najua bwawa la pembeni linakula ardhi, na mwenye mabwawa mawili ataona hasara. Vikundi jirani vinaweza kuchimba moja la pamoja. Tena wekeni chakula kidogo kwenye sinia ndani ya maji. Mkikuta kimebaki, mmezidisha, na chakula ndicho kinachomaliza pesa zenu.

Anayetaka kuchimba bwawa jipya aende NEMA kwanza, kabla ya jembe kugusa ardhi, apate leseni ya tathmini ya mazingira chini ya Sheria ya 1999. Kwenye mchoro wake aonyeshe lango la kutolea maji, na bwawa la kuyatuliza liko wapi.