DAWA YA KUPAKA NAYO YAWEZA KUTUWASHA



Leo tuzungumze juu ya dawa za kupaka. Mtu ana upele au kidonda. Anapaka dawa, na badala ya kupona, ngozi inazidi kuwasha, inavimba na kutoa majimaji. Mmoja atasema, "Dawa hii hafifu," akaongeza kupaka. Mwingine atasema, "Dawa hii mbaya, siigusi tena." Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea.

Tuitazame dawa yenyewe. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, katika kila gramu 100, ina gramu 1 tu ya dawa. Zile 99 ni maji, mafuta, vitu vya kuizuia isioze, na pengine manukato. Vitu hivyo havitibu. Kazi yake ni kuibeba dawa na kuitunza.

Sasa, ngozi za watu wengine hazipatani na vitu hivyo. Hali hiyo huitwa mzio. Kimoja chao ni lanolini, mafuta yatokayo katika sufu ya kondoo. Wenye vidonda vya miguu vya muda mrefu ndio hupatwa zaidi, maana hupaka dawa nyingi kwa siku nyingi.

Mzio huu ni mjanja. Mtu aweza kutumia dawa wiki nyingi bila shida. Ngozi ikishaikataa, muwasho huja siku 1 hadi 3 baada ya kupaka. Ndiyo maana hatuishuku dawa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuache kupaka, tuoshe ngozi kwa maji safi.

Pili, twende zahanati. Tusiende mikono mitupu, tuchukue tyubu na kasha lake. Mganga akijua kilichomo, pengine atatupa dawa ile ile iliyochanganywa na mafuta mengine. Hatutakuwa tumeipoteza dawa inayotufaa.

Tatu, kikijulikana kilichotudhuru, tuandike jina lake kwenye daftari. Kitu hicho hicho huweza kuwamo katika sabuni au mafuta ya kujipaka.

Lakini uso ukivimba au pumzi zikibana, tusingoje. Twende hospitali saa ile ile.

Ndugu, tulijifunza kusoma ili kutufae maishani. Basi na yale maandishi madogo ya kwenye kasha tuyasome. Macho yakishindwa, tumwite mtoto atusomee. Hiyo si aibu.