Mzazi na Shule: Je, Yafaa Kwenda Mahakamani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Manzese)



Sisi si mawakili, wala hatukuja kufundisha sheria. Tumekuja kueleza jambo lililotupata, ili mwenye mtoto shuleni apate kujua njia kabla hajafikwa.

Jambo lenyewe ni hili. Muhula uliopita mtoto wetu, mwenye miaka kumi na mmoja, alirudi nyumbani hapa Manzese ameuficha mkono wa kulia ndani ya shati. Mama yake alipoutazama, aliuona umevimba hata vidole havikunjiki. Mtoto akasema kwamba darasa zima lilikosa hesabu, na mwalimu akawapiga wote juu ya migongo ya mikono kwa kipande cha mpira wa maji. Shule hiyo hatutaitaja. Tulipita kituo cha polisi kuchukua PF3, kisha tukaenda hospitali. Picha ikaonyesha kidole kimevunjika. Ndio mkono anaoandikia.

Usiku ule tulisema, tutawashtaki. Asubuhi tukaanza kuogopa. Mambo matatu yalituzuia. La kwanza, mtoto bado yumo katika shule ile, na nani atamlinda sisi tukiwa kazini? La pili, shule ni ya Serikali, nasi twala mshahara wa Serikali. Mtumishi atampelekaje mwajiri wake mahakamani? La tatu ni maneno ya majirani, waliotukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Twakubali, samaki hukunjwa. Walakini kukunja si kuvunja.

Basi tulifanya kama afanyavyo karani apatapo shida: tukatafuta maandishi. Tuliona kwamba kanuni za viboko zilitungwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na baadaye zikarekebishwa. Zasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Visizidi vinne kwa mara moja. Kipigwe kwa fimbo nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo, wala si kwa chombo kingine. Mwenye ruhusa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa hiyo kwa maandishi. Tena kila adhabu iandikwe katika daftari: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu, na mkuu wa shule atie sahihi. Juu ya hayo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza adhabu ya kikatili.

Kwa hiyo tulimwandikia Mwalimu Mkuu barua ya adabu, nakala kwa Kamati ya Shule, tukaomba kuliona daftari hilo. Alitupokea vema, akatupa viti, akafungua kabati. Daftari lilikuwapo, jalada lake safi, na maandishi ya mwisho ndani yake yalikuwa ya miaka miwili nyuma. Mabwana na Mabibi, ninyi ni watu wa daftari. Mwajua kwamba daftari lisiloandikwa lina maana mbili: ama kazi haikufanywa, ama imefanywa isijulikane. Katika shule ile sauti ya fimbo husikika hata barabarani.

Mwalimu Mkuu hakukana. Alisema mwalimu yule ana watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja. Tulikiona chumba, naye alisema kweli. Twamhurumia mwalimu, maana ni mtumishi mwenzetu. Lakini wingi wa watoto haumpi ruhusa ambayo sheria imemnyima. Nasi majalada yakijaa mezani hatupewi ruhusa ya kuyachoma.

Njia ziko tatu, wala hazifanani. Ya kwanza ni polisi, ambako mshtaki huwa Jamhuri. Ya pili ni nidhamu ya kazi, ambayo husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Ya tatu ni madai ya fidia. Katika hii mtoto hudai kupitia mtu mzima amsimamiaye. Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, naye huunganishwa katika shauri. Na shauri hupelekwa Mahakama Kuu. Madai ya namna hii yana muda wa miaka mitatu. Asiye na fedha asikate tamaa, kwa kuwa iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ama kuhusu hofu ya mwajiri, tumefikiri hivi. Sheria ya kuishtaki Serikali ilitungwa na nchi yenyewe, mwaka 1967. Haikutungwa ili iwekwe kabatini. Tena twakumbuka kwamba mwaka 2019 watetezi wa haki waliwasilisha mbele ya Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto lalamiko juu ya wasichana waliofukuzwa shule kwa sababu ya mimba. Novemba 2021 Serikali ikafungua mlango wa wasichana hao kurudi, na mwaka 2022 Kamati ikatoa uamuzi wake. Nchi haikubomoka kwa kuulizwa. Bali kunyamaza kuna gharama: Agosti 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kuadhibiwa, na mwalimu akasimama Mahakama Kuu kwa shtaka la mauaji. Hapo mzazi hana tena barua ya kuandika.

Basi tumekata shauri. Tumeomba mambo matatu kwa maandishi: gharama ya hospitali, mtoto aombwe radhi mbele ya darasa lililomwona akilia, na daftari liandikwe kuanzia leo. Tumetoa siku thelathini. Notisi ya siku 90 imekwisha pigwa chapa. Iliyobaki ni tarehe. Ikiwa jibu halitakuja, tutaitia tarehe, hata kama sahani yetu yatoka mkono huo huo tunaoushtaki.

Nanyi twawaomba jambo moja. Kila mwanachama aende shuleni kwa mtoto wake, asalimie kwa adabu, na aombe kuliona daftari. Asingoje mkono uvimbe.