Hotuba ya Kwaya: Nani Atasimama Mbele?

Jubilii hii imetukuta tukitafuta mwalimu wa kwaya. Mzee wetu anapumzika, na kila tunayemwomba ashike nafasi yake anajibu, "Mimi ni mwimbaji tu." Tunamwelewa. Anayesimama mbele haimbi tena na wenzake.

Tungependa kumtaja Neville Marriner wa Uingereza. Alikuwa mpiga fidla katika okestra kubwa ya London. Yeye na wenzake wachache, waliochoshwa na amri za waongozaji, walianzisha kikundi chao wenyewe, na mwaka 1959 wakapiga mara ya kwanza hadharani katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, ambalo kikundi kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Hawakutaka mtu wa kusimama mbele. Marriner aliwaongoza akiwa na fidla begani, kwa kichwa na kwa upinde. (Alto wetu hufanya vivyo hivyo kwa macho!)

Lakini kikundi kilikua. Mwongozaji mashuhuri Pierre Monteux ndiye aliyemhimiza asimame aongoze, na Marriner akaenda Marekani kujifunza kwake. Hakuwa kijana tena. Fidla aliiweka chini, akaongoza mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 92.

Besi yetu itapungukiwa na sauti moja, tunajua. Tumekubaliana kuibeba. Ndugu zetu wa besi, mazoezi ni Jumatano jioni, na pale mbele bado hapana mtu.