Leseni Ikisimamishwa Mjini, Mboga Huoza Shambani

Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama na viongozi, katika mkutano wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu waliotangulia kusema wametueleza habari za maghala, mikopo na mizani. Sisi tumepewa kusema juu ya jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani si letu. Leseni ya hoteli ya chakula huko Manzese yamhusu nini mkulima wa Toangoma, au mfugaji wa Bunju? Tena amri za afya zitolewazo wakati wa maradhi, si kazi ya mabwana afya hiyo? Twasema yatuhusu sana, na tutaeleza sababu.

Chama chetu kilizaliwa mwaka 2015, na mwaka ule ule kipindupindu kiliingia Dar es Salaam. Wagonjwa wa kwanza walionekana Kinondoni katikati ya mwezi wa Agosti. Haukupita muda mrefu ugonjwa ukawa umefika Ilala na Temeke, kisha ukatoka kwenda mikoani na kuvuka bahari hadi Zanzibar. Kufikia mwanzo wa mwaka 2018 nchi yetu ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000, na waliokufa walizidi 500. Wazee waliomo humu watakumbuka kwamba mwaka 1997 ulikuwa mbaya kuliko huo, maana wagonjwa walizidi 40,000 na maiti zaidi ya 2,000. Jambo lilikuwa zito hata Rais Magufuli, ambaye hakuwa na siku nyingi tangu aapishwe, alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015, akaagiza siku hiyo watu washike mafagio na majembe wafanye usafi. Basi asitokee mtu kati yetu wa kusema kwamba amri zile zilikuwa za kuwaonea wauzaji. Watu walikuwa wanakufa.

Lakini yaliyotokea upande wetu nayo yasemwe. Kuuza chakula mahali pa wazi kulipigwa marufuku, pamoja na matunda yaliyokwisha kumenywa na vinywaji visivyojulikana maji yake. Mama lishe ambaye jana alichukua mafungu ya mchicha, nyanya na bamia, leo hakuja. Dalali wa Mabibo au wa Temeke Stereo hakumngojea; alishusha bei, kisha akakataa kupokea kabisa. Na mchicha, mabibi na mabwana, haujui kungoja. Mahindi yaweza kulala ghalani mpaka mambo yatulie, lakini mchicha uliochumwa alfajiri ukifika jioni haujanunuliwa ni chakula cha mbuzi. Maziwa ndiyo usiseme. Mlango ukifungwa mjini saa nne, hasara yake hufika shambani kabla ya jua kuchwa, na mkulima wala hakuambiwa kosa lilikuwa nini.

Kwanza tufahamu kwa nini amri hizi huwa kali. Kimelea cha kipindupindu hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye nacho, kikaingia majini, na kutoka majini kikaingia katika chakula. Mtu aliyekila huweza kuanza kuharisha baada ya saa chache tu, au baada ya siku hata tano. Akiachwa bila dawa aweza kufa siku hiyo hiyo kwa kuishiwa maji mwilini. Akipewa mapema maji yenye chumvi na sukari, na hospitalini akatiwa maji ya mshipa kama hali ni mbaya, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Lakini ubaya mkubwa ni huu: walio wengi katika walioingiwa na kimelea hicho hawaugui hata kidogo, nao kwa siku kadhaa hukitoa bila kujua. Mpishi aweza kusimama mbele ya Bwana Afya akiwa mzima, mnene, anacheka, kumbe mikono yake inaua. Ndiyo maana Bwana Afya hatazami uso wa mpishi. Atatazama choo, karo la kunawia, maji yatoka wapi, sahani zaoshwaje, na cheti cha kupimwa afya kiko wapi.

Huko London mwaka 1854 palikuwa na kisima cha pampu katika mtaa wa Broad Street, na katika mitaa iliyokizunguka walikufa watu zaidi ya 600 kwa kipindupindu. Daktari mmoja, John Snow, aliandika nyumba za waliokufa moja moja, akaona wengi wao wanakutana kwenye pampu ile. Akawaendea wakubwa wa mtaa, nao wakauondoa mpini wa pampu. Habari hii hupendwa sana na waalimu wa afya, lakini mara nyingi huikatiza hapo. Iliyobaki ni kwamba mpini ule ulirudishwa baadaye ugonjwa ulipopita, na kwamba mwaka uliofuata ndipo walipochimba wakaona shimo la choo cha nyumba ya jirani lilikuwa likivujia kisimani. Kuondoa mpini ni kazi ya saa moja. Kuziba shimo ndiyo kazi yenyewe.

Kusimamisha leseni ni kuondoa mpini. Hapa yafaa tupambanue mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kufunga mahali ni kusema: hapa pana hatari leo, toka, funga mlango. Hilo Bwana Afya aweza kulifanya papo hapo, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 humpa nguvu ya kuingia, kukagua na kutoa ilani ya kuondoa kero. Kusimamisha leseni ni kusema: wewe huna ruhusa ya kufanya biashara hii mpaka utimize haya na haya. Kufuta leseni ni kusema: umekwisha. Jambo la kwanza linahusu jengo, la pili linahusu ruhusa ya mtu, la tatu linahusu riziki yake yote. Tumeona mara nyingi mtu akifanyiwa la kwanza akidhani amefanyiwa la tatu, akakata tamaa, akauza masufuria yake.

Sasa twafika mahali penye uchungu. Leseni haiwezi kusimamishwa ila kwa mtu aliye nayo. Mwenye hoteli ndogo aliyekwenda manispaa kwa hiari yake, akalipa ada, akabandika karatasi ukutani chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, huyo jina lake liko daftarini na mlango wake unajulikana. Aliye na meko chini ya mwembe hana cha kunyang'anywa. Akifukuzwa asubuhi, magharibi yuko mtaa wa pili. Vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 viliwapa wengi wao amani ya kutosumbuliwa, lakini havikuwapa choo wala bomba. Kwa hiyo adhabu hii, isipotumiwa kwa akili, humwangukia aliyejitokeza na kumpita aliyejificha. Na watu hawachelewi kujifunza. Wakiona karatasi ya ukutani ndiyo inayoleta msiba, hawataitafuta tena, na Bwana Afya atabaki na mji mzima asioujua.

Mteja wetu mmoja huko pembezoni mwa jiji, ambaye hununua mboga na maziwa ya wanachama, alifungiwa wakati wa ugonjwa. Kosa lilikuwa la kweli, hatulikatai: maji taka yalipita karibu na jiko. Alijenga mtaro kwa siku nne. Baada ya hapo alizunguka ofisi wiki tatu akitafuta mtu wa kuja kuutazama, kwa sababu karatasi aliyoachiwa haikutaja jina la mkaguzi wala siku ya kurudi, na kila aliyemwendea alimwambia si kazi yake. Wiki tatu hizo ugonjwa haukupungua hata kidogo kwa mlango wake kufungwa, maana hatari ilikuwa imekwisha ondoka. Kilichopungua ni fedha za wanachama kumi na mmoja.

Ndiyo maana Halmashauri ya Chama imeona tuyaseme mbele ya wageni wetu wa serikali za mitaa, kwa heshima, maneno haya. Amri ya kusimamisha leseni iandikwe. Itaje kosa lililoonekana, si kusema "uchafu" tu. Itaje la kufanya, na nani atakayerudi kukagua, na katika siku ngapi baada ya mwenye duka kutoa taarifa kwamba amemaliza. Haya si mapendeleo tunayoomba. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inasema mtu ambaye haki zake zinaamuliwa apewe nafasi ya kusikilizwa kikamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Kipindupindu hakingojei rufaa, hilo twalijua. Fungeni kwanza, msikilize kesho yake. Lakini kesho yake iwepo.

Jirani zetu wameonja habari ya amri isiyo na mwisho. Uganda ilifunga mabaa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya korona, yakafunguliwa Januari 2022. Muda kama huo mwenye baa hufanya mojawapo ya mambo mawili: hufilisika, au hufungua mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma haukaguliwi na mtu.

Baada ya kuwaambia wakubwa, tugeuke tutazamane wenyewe. Mboga zinazoliwa mbichi au kuchemshwa nusu huweza kubeba kimelea kutoka bustanini. Mtu anayemwagilia kwa maji ya Msimbazi, au anayezamisha mafungu katika mfereji ili yang'ae kabla ya kupandishwa garini, anaweza kumfungisha mama lishe ambaye jiko lake ni safi kuliko sebule zetu. Kisha leseni itasimamishwa mjini, na sisi tutalalamika kwamba mji hauna huruma. Halmashauri imekwisha amua kwamba mboga zilizooshwa kwa maji ya mfereji hazitapokewa katika vituo vyetu vya kukusanyia, mwenye nazo awe nani. Wako watakaonuna. Na wanune.

Limebaki la utaratibu, nalo ni fupi. Kuanzia sasa Chama kitakuwa na daftari la wateja wetu wenye leseni, katika Kinondoni, Temeke, na Ubungo vilevile, kwa kuwa soko la Mabibo liko huko tangu Ubungo ilipotengwa na Kinondoni ikawa manispaa yake mwaka 2016, na wako wanachama ambao hadi leo hupeleka barua Kinondoni wakangoja majibu bure. Mteja akipata ilani, mwanachama anayemwuzia alete nakala ofisini siku hiyo hiyo. Ofisi itafanya mambo mawili: itatafuta mnunuzi mwingine wa mzigo wa kesho asubuhi, na itamsaidia mteja kuandika barua ya kuomba ukaguzi, yenye tarehe, muhuri wa kupokelewa, na jina la aliyeipokea. Mwanachama asiyejua kusoma asione haya. Aje na karatasi kama alivyopewa.

Karani yuko nje pale kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Anaandika majina ya wateja tangu leo, na atakuwapo mpaka saa kumi.