Nusu Dozi Ni Deni kwa Jirani

Mazungumzo na viongozi wa walei na wanafunzi wa Kwamsisi



Tumekutana kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la waganga peke yao: vijidudu vya maradhi kuzizoea dawa hata zisiweze kuviua tena. Wataalamu huliita usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Sisi tunaliweka mbele yenu kama jambo la haki, kwa sababu anayelipa mara nyingi siye aliyekosa.

Kinachobadilika ni kijidudu, wala si mwili wa mgonjwa. Dawa huua vijidudu dhaifu. Vilivyo vigumu hubaki, huzaana, na huhamia kwa mtu mwingine. Kila mara tunapotumia kapsuli bila sababu, kwa mfano kwa mafua, ambayo huletwa na virusi na hayatibiwi na dawa hizo, tunavipa vijidudu sugu nafasi. Nusu dozi ya leo yaweza kuwa msiba wa mtoto wa jirani kesho.

Wazee wetu mnaikumbuka klorokwini, tiba ya malaria ya bei ndogo. Vimelea viliizoea, na mwaka 2001 nchi yetu ikaiacha. SP iliyoshika nafasi yake kama tiba ya kwanza haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto. Tukipoteza na dawa za kuua bakteria, tutakimbilia wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, juu ya watoto waliolazwa Muhimbili kwa maambukizi ya damu, ulionyesha kwamba wenye vijidudu sugu walikufa kwa wingi zaidi. Duniani, mwaka 2019 pekee, inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu hiyo.

Wanafunzi wa famasia nchini, kupitia chama chao cha TAPSA, walikwenda katika shule za sekondari kuwafundisha wadogo zao. Njia hiyo ina busara. Nyumbani, mwanafunzi ndiye asomaye maandishi ya pakiti, na mara nyingi ndiye atumwaye dukani. Basi ninyi vijana, semeni kwa heshima: dawa hizi zitumike kwa cheti cha mganga, kwa kipimo na siku alizoagiza, zisigawanywe wala kuwekwa akiba. Kwa wafugaji, kumbusheni kwamba ng'ombe aliyechomwa sindano, maziwa yake yasinywewe hadi zipite siku alizotaja mtaalamu wa mifugo. Nanyi wazazi, msikidharau kinywa cha mtoto.

Lakini tuseme ukweli wote. Mama anayenunua kapsuli nne badala ya kumi na tano huenda anajua vema kuliko sisi. Fedha yake imeishia hapo. Anayeambiwa aende zahanati akakuta rafu tupu atarudi dukani. Kumfundisha mtu huyo bila kumsaidia ni kumwongezea mzigo. Kwa hiyo elimu ya wanafunzi iambatane na wajibu wetu watu wazima: jumuiya imchangie mgonjwa apate dozi kamili, na upungufu wa dawa usemwe wazi katika mikutano ya kijiji na ya mtaa, mbele ya viongozi wanaohusika. Dawa inayofanya kazi ni mali ya wote, pamoja na wale ambao hawajazaliwa. Hakuna aliye na haki ya kuimaliza nguvu, wala haki ya kumnyima maskini.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Katika nyumba zetu, ni dawa zipi zimebaki, na kwa nini?
2. Ni nani kati yetu hukosa fedha ya dozi kamili? Tumsaidieje bila kumwaibisha?
3. Ni nani atakayelipeleka suala la dawa katika mkutano ujao, na lini atatuletea majibu?

Mungu awabariki.